Khutba ya Ijumaa kwenye skrini: nini tuiachie mashine, nini tumwachie mtu

Ukisali Ijumaa Kisenyi, katikati ya Kampala, safu moja yaweza kuwa na Msomali mwenye duka la simu, Mganda wa boda boda, Mkongo aliyekuja mjini kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mzee wa Kinubi aliyetoka Bombo kwa shughuli zake. Wote wanne wataitikia "amina" kwa pamoja. Wanaotoka wakijua khutba ilihusu nini pengine ni wawili.

Hali hii ni ya zamani. Mapokeo yanataja mwaka 1844 kuwa ndipo Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna II akitokea pwani, na tangu hapo dini imesomeshwa hapa kwa lugha za kuchanganya. Miaka ya 1890 wakaja Wanubi na jeshi la Lugard, afisa Mwingereza, wakafuata Wahindi, na sasa nchi ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 kutoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia, Burundi na kwingineko. Kilicho kipya ni ahadi ya kompyuta: khatibu aseme kwa lugha yake, na maneno yake yatokee hapo hapo kwenye skrini kwa lugha yako. Kijana mmoja wa kamati huonyesha programu kwenye simu baada ya Alasiri, wazee wanatikisa vichwa kwa mshangao, na wiki inayofuata mchango umeshaanza kuzungushwa. Sipingi. Ninachosema ni kwamba tunaitwisha mashine kazi isiyoiweza na kuinyima ile inayoiweza, na sababu ni kwamba mambo kadhaa tofauti yamefungwa pamoja yakapewa jina moja la "tafsiri".

Tuanze na fikihi, yaani sheria za dini, maana ndipo mjadala unapokwama. Watu huuliza kama khutba inaruhusiwa kutafsiriwa, kana kwamba maandishi ya kwenye skrini ni sehemu ya khutba. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Afrika Mashariki, nguzo za khutba ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia takua, kusoma aya, na kuwaombea waumini, na nguzo hizo husemwa kwa Kiarabu. Imamu Abu Hanifa aliruhusu lugha nyingine. Mwaka 1402 Hijria baraza la fikihi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao Makka, liliamua kwamba katika nchi zisizo za Kiarabu lugha hiyo si sharti la kusihi, yaani kukubalika, kwa khutba, ila ni vizuri utangulizi na aya zibaki kwa Kiarabu. Ndiyo maana misikiti yetu haifanani. Yenye asili ya Kihindi hutanguliza mawaidha kwa Kiurdu au Kiingereza, kisha khatibu anapanda mimbari na khutba fupi ya Kiarabu kitupu. Mingine huweka nguzo kwa Kiarabu na mawaidha kwa Luganda ndani ya khutba yenyewe. Skrini haibadilishi lolote katika hayo. Hata wanazuoni wa Kishafi wa zamani waliulizwa khutba ya Kiarabu ina faida gani kwa wasiojua Kiarabu, wakajibu kwamba angalau watu wanajua kwa jumla kuwa wanawaidhiwa. Jibu hilo linatosha kwa kusihi kwa ibada. Anayetaka zaidi ya "kwa jumla" ndiye tunayemzungumzia.

Kinachogusa fikihi hasa ni mkono wa msikilizaji. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anayemwambia mwenzake "nyamaza" imamu akiwa anakhutubu amefanya laghwi, yaani upuuzi, na kwa Muslim imo riwaya ya anayegusagusa changarawe. Simu ni changarawe yenye WhatsApp ndani. Mashafi kauli yao yenye nguvu ni kwamba kunyamaza ni sunna, na madhehebu mengine matatu yanaona ni wajibu. Vyovyote vile, mtu anayeskani msimbo wa QR, akaingiza nenosiri la Wi-Fi, akachagua lugha, na katikati akapokea ujumbe wa shemeji yake, huyo khutba imempita. Kwa hiyo skrini ya pamoja ukutani inashinda simu ya mtu mmoja mmoja, mradi iwe pembeni ya mimbari, ili jicho lisiende mbali na khatibu, na izimwe kabla ya ikama.

Kuna watu wawili ambao kanuni hiyo haiwatoshi. Wa kwanza ni kiziwi, ambaye kwake maandishi ndiyo khutba yote, na ambaye katika mijadala hii hatajwi kabisa. Wa pili ni mwanamke. Misikiti mingi wanawake wako ghorofani, nyuma ya pazia, au kwenye chumba cha ubavuni chenye spika moja inayokoroma. Kamati, ambayo kwa kawaida ni ya wanaume, hufunga TV mbili mbele ya safu ya kwanza, mahali wanapokaa wale wale wanaojua Kiarabu. Kama fedha zinatosha TV moja tu, ningeipeleka upande wa wanawake.

Kusikia ndiko kugumu

Watu hudhani mashine itashindwa kwenye kutafsiri. Mara nyingi inakuwa imeshashindwa kabla ya hapo. Njia yenyewe iko hivi: sauti ya khatibu inaingia kwenye kompyuta, programu ya kwanza inaigeuza kuwa maandishi ya lugha ile ile aliyosema, programu ya pili inayachukua maandishi hayo na kuyageuza kwenda lugha nyingine, kisha yanatupwa kwenye skrini. Kosa la mwanzo linarithiwa hadi mwisho. Programu ya pili haina namna ya kujua kuwa imepewa uongo, nayo itautafsiri uongo huo kwa ufasaha mkubwa.

Adui wa kwanza ni jengo. Sauti inagonga kuba na kuta za vigae, inarudi, na kukutana na silabi inayofuata. Sikio la binadamu limezoea kuchuja mwangwi, lakini programu inapokea silabi mbili zilizolaliana. Ukiweka simu mbele ya spika kubwa umeishapoteza mchezo. Tiba ni ya bei ndogo: waya unaotoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, ili programu isikie kipaza sauti cha khatibu na isisikie msikiti. Wengi hubadilisha programu tatu kabla ya kununua waya huo.

Adui wa pili ni orodha ya lugha. Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022 na ambayo programu nyingi za aina hii zimejengwa juu yake, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Ndani yake Kiarabu kimo, Kiswahili kimo, Kisomali na Kilingala vimo. Luganda haimo, na Lusoga, Lugbara na Acholi hazimo pia. Na "kimo" kusikudanganye, kwani sehemu kubwa sana ya saa hizo ni Kiingereza, na Kiswahili kilipata chembe. Mwaka uliofuata Meta ikatoa modeli ya kutambua usemi wa lugha zaidi ya 1,100, zikiwemo nyingi za Uganda. Saa za mafunzo yake kwa lugha hizo zilitokana hasa na rekodi za watu wakisoma Agano Jipya. Hakuna ubaya katika hilo, rekodi ndizo zilizokuwepo. Ila fikiria modeli iliyojifunza lugha fulani kwa kusikia Injili peke yake, siku ya kwanza kukutana na maneno kama twahara, janaba, nisabu na mirathi.

Kazi ya nyumbani ipo na inaendelea. Chuo Kikuu cha Makerere kimesaidia kukusanya mamia ya saa za Luganda kwenye mradi wa Common Voice, ambako watu wa kawaida husoma sentensi kwa simu zao. Sunbird AI ya hapa Kampala pamoja na Makerere walitengeneza hazina ya sentensi za Luganda, Runyankole, Acholi, Ateso na Lugbara zilizofungamanishwa na Kiingereza. Bila kazi hiyo tusingekuwa na la kujadili. Lakini mtu anayesoma sentensi moja moja chumbani kwake hasikiki kama sheikh aliyepandisha sauti akieleza mambo ya kaburi.

Kisha kuna kuchanganya lugha, na hapa khatibu wa Kampala hana mpinzani. Sentensi yake moja huenda hivi: "Ab'oluganda, Mtume swalallahu alayhi wasallam yagamba, innamal a'malu binniyyat, maana yake kila jambo ni nia." Luganda, Kiarabu na Kiswahili ndani ya pumzi moja, na maamuma wanamfuata bila taabu. Programu nyingi hutaka uiambie mapema inasikiliza lugha gani. Zile zinazobahatisha zenyewe huhitaji sekunde kadhaa kung'amua kuwa lugha imebadilika, na sekunde hizo zikiisha khatibu amesharudi alikotoka.

Na la mwisho katika kusikia, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ukimya. Khatibu hukaa kitako kati ya khutba mbili, na akiwa anasema hunyamaza kidogo ili neno liingie. Mkalimani binadamu asiposikia kitu hunyamaza naye. Modeli hizi zimefunzwa kutoa maneno, na zikipewa ukimya zinaweza kutunga. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walioipima Whisper walikuta kwamba kama asilimia 1 ya vipande vya sauti vilizaa virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wasemaji wenye vituo virefu. Asilimia 1 ni ndogo ukiwa unaandika kumbukumbu za mkutano. Kwenye mimbari, sentensi moja ya kutungwa inayosimama chini ya jina la Mtume ni balaa. Dawa yake ipo: programu ndogo ya kupima kama kuna sauti ya mtu iwekwe mbele ya ile kubwa, isiifungulie mlango mpaka khatibu aanze kusema.

Aya haitafsiriwi upya

Hapa ndipo mashine inapostahili kazi. Sehemu kubwa ya khutba haihitaji kutafsiriwa na yeyote Ijumaa hiyo, kwa sababu ilishatafsiriwa. Qurani ina aya 6,236 kwa hesabu iliyo kwenye misahafu mingi, na tafsiri zake za Kiswahili zilizopitiwa na wanazuoni zipo. Ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, kwa mfano, iko mikononi mwa watu tangu 1969. Hadithi zinazosomwa mimbarini nazo ni zile zile zinazojirudia mwaka mzima. Kuiacha programu iitafsiri aya upya kila Ijumaa, leo hivi na kesho vile, ni kuongeza kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa. Kinachotakiwa ni programu itambue aya gani inasomwa, iende kwenye hazina, ilete tafsiri iliyokubaliwa na kuiandika pamoja na jina la sura na namba.

Kutafuta ni rahisi kwa kompyuta kuliko kutafsiri, lakini nako kuna utata wake. Chukua utangulizi ambao makhatibu wengi huanza nao. Anasoma "Ya ayyuhalladhina amanu". Maneno hayo yamo karibu mara 90 katika Qurani, kwa hiyo programu haijui kitu bado. Anaongeza "ittaqullaha". Zimebaki aya chache, na mbili kati ya hizo zimo ndani ya utangulizi huo huo: ya 102 ya Al Imran na ya 70 ya Al Ahzab. Ni mpaka aseme "haqqa tuqatihi" au "waqulu qawlan sadida" ndipo yajulikane. Programu yenye adabu inasubiri maneno hayo mawili. Isiyo na adabu inarusha aya ya kwanza iliyoiona kisha inaifuta mbele ya watu, na watu wakishaona aya ikifutwa hawaiamini tena skrini hiyo.

Yanayobaki ni mawaidha yenyewe, na hapo ndipo mtu anapohitajika. Malaysia wana njia yao: idara za dini za majimbo huandaa khutba kwa maandishi, na misikiti mingi huionyesha kwenye skrini khatibu anapoisoma. Hotuba ya Arafa wakati wa hija nayo kwa miaka kadhaa sasa hurushwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Uganda hatuna utaratibu wa khutba moja kwa nchi nzima, na masheikh wengi hukhutubu kwa kichwa, wakiwa na karatasi ndogo yenye vidokezo. Sidhani kama wanapaswa kubadilika kuwa wasomaji wa karatasi. Lakini karatasi ile ndogo, ikipigwa picha na kutumwa Alhamisi jioni, inatosha kubadilisha kila kitu. Ina aya na hadithi atakazotumia, ambazo zitawekwa tayari. Ina majina ya watu na miji, ambayo programu nyingi za kutambua usemi hukubali kuelezwa mapema ziyategemee. Na ina mada, ambayo mtu anayejua lugha zote mbili anaweza kuiandikia muhtasari wa mistari kumi, usio na haraka wala kigugumizi. Mashine Ijumaa inabaki na kazi ya kufuatilia khatibu amefika wapi na kuleta mstari unaohusika. Akitoka nje ya karatasi, na atatoka, ndipo itafsiri yenyewe, kwa herufi za rangi nyingine, ili kila mtu ajue kuwa hilo ni la mashine.

Rangi hiyo ina sababu. Katika Luganda, "kikkirizibwa" ni jambo linaloruhusiwa na "tekikkirizibwa" ni lisiloruhusiwa. Silabi moja mwanzoni, khatibu akiwa anakohoa au kipaza sauti kikikatika, na haramu imekuwa halali. Kiswahili kina mtego ule ule kati ya "inafaa" na "haifai". Kosa la namna hii halionekani kama kosa, maana sentensi imenyooka na sarufi ni safi. Anayeweza kulinasa ni mtu aliyekaa karibu na kompyuta akisikiliza, mwenye kitufe kimoja cha kuufuta mstari kabla haujatoka. Akipewa sekunde tano za ucheleweshaji anaziweza. Kuchelewa kutakuwepo tu, kwani Luganda na Kiswahili zina mpangilio wa karibu na tafsiri inaweza kumfuata khatibu kwa ukaribu, lakini Kisomali huweka kitenzi mwishoni, na mpaka kitenzi kije hakuna anayejua nani alifanya nini. Ongeza kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu, na mistari miwili yenye herufi 40 hivi kila mmoja ndiyo mwisho wa kinachosomeka kutoka safu ya nyuma. Khatibu mwenye kasi ataipita skrini. Mtume amepokewa akisema kwamba kurefusha sala na kufupisha khutba ni dalili ya ufahamu wa mtu, hadithi ambayo baadhi ya masheikh wetu huieleza kwa dakika 40.

Umeme, intaneti na faili linalobaki

Programu zinazotegemea mtandao hupeleka sauti kwenye kompyuta za nje ya nchi na kurudisha maandishi. Zinafanya kazi vizuri mpaka siku ambayo hazifanyi. Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2021, siku moja baada ya uchaguzi, nchi nzima haikuwa na intaneti. Siku kama hizo ni chache, lakini bando huisha kila mwezi na umeme hukatika bila taarifa. Modeli za ukubwa wa kati sasa hufanya kazi ndani ya kompyuta mpakato yenye betri, bila mtandao, na hazina ya aya haihitaji mtandao hata kidogo. Ningeanzia hapo hata kama usahihi unapungua kidogo.

Sababu nyingine ya kubaki ndani ya kuta za msikiti ni faili. Programu inapomaliza, maandishi ya khutba nzima yanabaki mahali fulani, yakiwa na makosa yake yote, chini ya jina la sheikh. Sauti iliyorekodiwa inaweza kumtetea mtu. Maandishi yaliyokosewa yanaweza kumpeleka polisi, au angalau kwenye makundi ya WhatsApp ya mahasimu wake. Na zile programu zinazotaka kila muumini ajisajili kwa namba ya simu zinatengeneza, wajue wasijue, orodha ya nani husali wapi. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za imani ya dini kwenye kundi lenye ulinzi maalumu. Kamati iulize kabla ya kulipa: sauti inaenda wapi, maandishi yanafutwa lini, nani ana nenosiri. Muuzaji asiyejibu kwa sentensi moja iliyonyooka aachwe.

Kuhusu idadi ya lugha, tangazo la biashara litakuambia 50 au 100. Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi na Msomali wamekwisha kuzoea kukutana kwenye Kiswahili sokoni, skrini moja ya Kiswahili iliyosimamiwa vizuri itawafikia wengi kuliko skrini nne zisizo na mwenyewe. Yumbe ni habari tofauti. Waislamu wengi wa huko ni Waaringa, wenye lugha yao, na wakimbizi wa kambi ya Bidi Bidi wamekuja na Kiarabu cha Juba, ambacho programu ya Kiarabu haikijui ingawa Mnubi wa Bombo angekielewa bila shida. Wazee wengi pia hawasomi, hata lugha yao wenyewe. Pale ningemtafuta kijana mmoja wa Kinubi, nimkalishe nao pembeni baada ya sala, awape khutba yote kwa dakika kumi, na fedha za TV ziende kwenye spika ya upande wa wanawake.